Chuo Kilipokuja Kuposa

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Ralaiarivo alimlea binti yake Saholy kwa kuomba radhi. Si kwamba alikuwa mkosaji. Alikuwa msemaji wa kabary, hotuba ile ambayo bila yake hakuna mtu aliyewahi kuoa wala kuzikwa kiungwana pale kijijini Ambohitsara. Na kabary haianzi mpaka msemaji awe ameomba radhi kwa waliomzidi umri, kwa waliomzidi maneno, kwa wafu, kwa walio hai, na kwa yule aliyeko jikoni ambaye hata hasikii. Mwenye kutaka kuposa humtuma msemaji wake, upande wa binti nao huweka wa kwao, na hao wawili hupigana kwa methali mpaka wali upoe. Ralaiarivo alikuwa bingwa wa kupoza wali.

Mama yake Saholy aliondoka zamani, akaenda Antsirabe na kuolewa na mfyatua matofali ambaye, kwa habari zilizofika, alikuwa hasemi kitu kuanzia asubuhi hadi jioni. Hakuna aliyemlaumu.

Kwa hiyo mtoto alikwenda na baba yake kwenye kila posa, kazi yake kubeba kofia ya msemaji. Kabla meno ya utoto hayajang'oka alikwishajua kuficha mikono ndani ya lamba, shuka la kujitanda mabegani, na kuwaomba mababu radhi kwa mpangilio. Akikwama, baba yake alimnong'oneza neno lililobaki, naye akaendelea. Shuleni wakamtia kwenye chama cha kabary, akashinda wenzake mpaka wakachoka kushindana naye. Jumamosi alikuwa skauti wa kanisani. Huko Ralaiarivo hakukujali sana. Alimruhusu kwa sababu skafu ilimpendeza.

Lakini skauti walimfundisha kufunga bandeji, na Saholy hakuwa mtu wa kujifunza jambo nusu. Alimfunga mbwa, alimfunga kuku, alifunga mguu wa meza uliolegea. Alimfunga na shangazi yake Bakoly, muuza vitumbua, ambaye alikuja kuomba chumvi tu.

"Mkono wenyewe hauumi," Bakoly alilalamika.

"Bado, shangazi. Tunajiandaa."

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu hivi walikwenda kuposa kijiji cha pili, Ralaiarivo akisemea upande wa bwana harusi. Alikuwa angali anawaomba radhi mababu wa upande wa mama wa bibi harusi pale shemeji mmoja mja mzito aliposhikwa na uchungu. Kumkatiza msemaji ni aibu kubwa, basi kila mtu akatazama dari. Mkunga wa kijiji akampitisha yule mama mlango wa nyuma, akaangaza nani wa kumsaidia, akaona skafu ya skauti.

"Wewe, unajua kuchemsha maji?"

"Najua. Na kufunga bandeji najua."

"Bandeji kaa nayo. Njoo."

Saholy alichemsha maji, akashikwa mkono na yule mama mpaka vidole vikafa ganzi, na mwisho akapewa mtoto amshike: mwekundu, mwenye hasira, akipiga kelele bila kumwomba radhi mtu yeyote. Saholy alidhani hajawahi kusikia kauli nzuri kama ile. Moyo ulimjaa, akalia na yeye. Ndani, Ralaiarivo alikisikia kile kilio akakitumia hapo hapo. "Mnasikia, hata watoto wanaafiki," alisema, akapigiwa vigelegele, akaendelea na radhi zake. Hakuwa bado amefika kwenye jina la binti anayeposwa.

Njiani kurudi aliona macho ya mwanawe yanang'aa. Akamwambia dada yake jioni ile kwamba leo mtoto ameingiwa na kabary, basi tena, hatatoka.

Ndivyo alivyoamini kwa miaka yote iliyofuata, na matokeo ya mtihani wa mwisho yalipotoka na Saholy amefaulu, aliwatangazia majirani kwamba binti anakwenda Antananarivo kusomea sheria. Atakuwa jaji. "Jaji ni mtu anayesema na wenzake hawaruhusiwi kuondoka," alieleza, na sauti yake ilikuwa na kijicho kidogo.

Saholy alikuwa amekwisha kufanya mtihani wa chuo cha wakunga cha Fianarantsoa, kimyakimya, na kuchaguliwa. Kilichobaki ni maji ya baba. Hakuna mtoto wa Ambohitsara anayeondoka kwenda kuishi kwingine kabla mzazi hajamnyunyizia maji ya baraka, na yeye alijua kwamba akiondoka bila hayo atakuwa kama ameiba nyumba nzima. Ilibidi aombe. Sasa ombi lenyewe alianzeje?

"Baba, nisamehe, nina jambo."

"'Nisamehe' tu? Mimi mdogo wako? Anza upya."

"Baba, naomba radhi kwako, naomba radhi kwa mababu..."

"Mababu baadaye. Wazee walio hai kwanza, wasije wakajiona wamekufa. Na mikono, mwanangu, mikono ndani."

Mpango ulipokaa sawa wali ulikuwa umeungua, na baba alikuwa amefurahi mno kuona kazi nzuri hivi kiasi kwamba alisahau kuuliza ilikuwa inaelekea wapi. Wakachemshia maji kwenye ukoko ule, wakanywa. Siku nyingine Saholy alijaribu kukata shauri kwa panga.

"Baba, sitaki sheria. Nataka ukunga."

Ralaiarivo akangoja. "Halafu?"

"Basi."

"Hiyo si hotuba, mwanangu. Hicho ni kikohozi. Na kikohozi hakijibiwi."

Saholy akaenda kukaa kwa shangazi yake, akawaza na kuwazua huku vitumbua vikigeuzwa. Kulikuwa na jambo moja tu duniani ambalo baba yake hakuwahi kushindwa kulijibu. Akasimama, akaenda kwa mzee Rabenja.

Rabenja alikuwa fundi magodoro na msemaji wa upande wa pili. Katika posa za Ambohitsara, asipokuwa huyu ni yule, na wamekwaruzana kwa methali tangu wote wawili wana nywele. Alimsikiliza Saholy mpaka mwisho.

"Nimeposea wajane," alisema. "Nimeposea mlevi. Nimemposea mtu akiwa jela. Chuo, bado."

"Umeogopa, mzee?"

"Mimi? Na baba yako atajibu lakini?"

"Ataweza kunyamaza?"

Rabenja akacheka mpaka sindano ikamponyoka, kisha akaenda kupiga pasi lamba yake.

Walikuja Jumapili baada ya ibada, Rabenja mbele na kofia yake mpya, majirani nyuma, na ua ukajaa, maana harufu ya posa haifichiki. Ralaiarivo alifungua mlango. Uso ulimshuka, akidhani kuna kijana aliyejificha katikati ya watu. Lakini Rabenja alipoanza tu kuomba radhi, mikono ya mwenzake iliingia yenyewe ndani ya lamba.

"Tumetumwa na bwana mmoja wa Fianarantsoa," Rabenja alisema alipowamaliza wafu na walio hai. "Ana mabati mapya. Mabinti wengi wamo kwake tayari, na bado anamtaka wa kwako."

"Mabinti wengi? Mhuni huyo."

"Si mhuni, mzee. Ni chuo cha wakunga."

Ua mzima ukacheka. Ralaiarivo alimtazama binti yake aliyesimama kando ya shangazi, akaelewa, na angeweza kufunga mlango. Lakini kufunga mlango mbele ya Rabenja ni kushindwa, na bora auze nyumba kuliko kushindwa na fundi magodoro mbele ya watu waliotoka kanisani. Akaomba radhi zake zote, moja haikupungua.

"Binti yetu ana mchumba," akasema. "Anaitwa Sheria, wa Antananarivo, wa ukoo mkubwa."

"Ameleta posa huyo?"

"Hajaleta."

"Basi hana adabu. Wetu amekuja."

Wakapigana hivyo, na lazima isemwe kwamba ilikuwa vita nzuri, hata Bakoly aliacha kufukuza kuku asikilize. Kisha Ralaiarivo akatoa silaha aliyokuwa ameiweka nyuma.

"Huyo bwana wenu amemjulia wapi binti yetu? Walionana wapi? Mimi sitoi mtoto kwa mtu ambaye hata msemaji wake hajui walikoonana."

Rabenja alifungua kinywa. Hakujua. Jasho lilimtoka chini ya kofia mpya, na kila aliyekuwepo alijua kwamba msemaji akinyamaza, posa imekufa.

Saholy akaja mbele. Anayeposwa hasemi kwenye posa yake mwenyewe, na wazee wa kike walifyonya, lakini angefanyaje? Chuo chenyewe kilikuwa kinamtoka mikononi.

"Tulionana nyuma ya nyumba, baba," alisema. "Siku uliyosema hata watoto wanaafiki. Yule mtoto mimi ndiye niliyempokea. Wewe ndiye uliyenipeleka, na kofia yako nilikuwa nayo bado. Tangu siku ile kila hotuba yako naisikiliza, lakini sikio moja liko mlango wa nyuma."

Alimsogelea hatua moja zaidi.

"Sikukwambia mapema kwa sababu kwetu hakuna nafasi ya kusema." Kicheko kikapita, naye hakucheka. "Najua unanipenda. Unanitakia makubwa. Lakini wahenga walituambia tusipendane kama..."

Methali aliyoijua tangu yuko mgongoni ikapotea kabisa, na machozi yakaja mahali pake.

"Mlango," alinong'ona Ralaiarivo.

Saholy alimtazama bila kuelewa.

"Kama mlango, mwanangu," baba akasema kwa sauti, kwa uchungu wa mwalimu anayeona kazi nzuri inaharibika mwishoni. "Tusipendane kama mlango. Unaupenda, na kila siku unausukuma."

Halafu akasikia alichokisema mwenyewe.

"Maneno ni kama mayai, mzee," Rabenja alisema taratibu, akijifuta jasho. "Yakishaanguliwa yana mabawa."

Ralaiarivo alitafuta jibu. Watu walimwona akilitafuta, macho juu, midomo ikicheza, na kwa mara ya kwanza hakulipata. Akaketi kizingitini akavua kofia.

"Jaji angerudi likizo na maneno," alisema, bila radhi wala methali. "Tungekaa tukasema. Mkunga atarudi na usingizi. Mimi nani atanisikiliza?"

Saholy alitaka kumkimbilia. Kumbe miaka yote ile hakuwa anamtafutia binti cheo, alikuwa anajitafutia mwenza wa mazungumzo. Lakini shangazi Bakoly alimtangulia.

"Sisi, kaka. Kijiji kizima kinakusikiliza miaka yote hii. Tuna pa kukimbilia?"

Ua ulipasuka kwa kicheko. Ralaiarivo alicheka wa mwisho, na alipoanza ilikuwa vigumu kujua kama anacheka au analia, na pengine yeye mwenyewe hakujua. Bakoly alileta kikombe cha maji. Saholy akapiga magoti.

Watu wakajiweka sawa. Waliokuja na vigoda wakavikalia, wazee wakaegemea ukuta, mama mmoja akawapeleka wanawe chooni kabisa, kwa sababu baraka za Ralaiarivo kwa watoto wa watu wengine zilikuwa zinajulikana urefu wake, seuze za mwanawe wa pekee.

Alichovya vidole, akamnyunyizia kichwani.

"Nenda ukawapokee," alisema.

Rabenja aliinamisha kichwa akangoja yaliyobaki. Hayakuwapo.