E Moja Iliyomezwa

Bibi yangu alikuwa na mfenesi nyuma ya nyumba yetu pale Bwaise, na tawi lake moja lilipita juu ya bati la jirani. Jirani akawa anakuja kila mara kuomba alikate. Siku moja Bibi alikuwa na wageni, akaniambia, "Akija tena, wewe kataa tu." Akaja. Nikamwambia, "Bibi anasema kata tu." Basi akakata. Tawi likashuka na mafenesi yake yote, moja likampasukia mbuzi mgongoni, na yule mbuzi alinuka utamu mpaka nzi wakamfanya mume wao.

Nilipigwa kwa mwiko. Si kwa ajili ya tawi, kwa ajili ya a. "Wazee wetu walikileta Kiswahili kutoka pwani kizima," Bibi alisema, "wewe unakimeza!" Shule sikukaa sana. Mvua ikinyesha darasa lilijaa maji, na kuna mvua moja iliisha mimi sikurudi. Kwa hiyo herufi ninazozijua, nyingi nimezijulia kwenye mwiko.

Lakini hapa Kampala nani hamezi? Mganda anaweka l penye r, Mkongo anakuja na yake, askari anakata maneno kama anatoa amri, na sokoni tunasikilizana. Mimi nauza chai. Siwezi kumnyang'anya mtu kikombe kwa sababu ya herufi. Ila iko e moja bado inanikaa kooni, nayo ilimezwa na mtu mwingine.

Alikuwa jirani yangu, Mkenya, dereva wa gari la mkate. Kila asubuhi alinishushia mikate kibandani na kuniamkia, "Shikamoo mzee, bado uko?" Nami namjibu, "Marahaba, bado niko, na mkate wako wa jana pia bado uko." Hakuwa mlevi. Nasema hivyo, ingawa Jumapili ile alikunywa. Mwenzake kazini alikuwa amebatiza mtoto, na jioni akaingia kwenye gari akijiona yuko sawa. Chini ya kilima cha Naguru akakutana na kawunyemu. Ndivyo watu wanavyowaita askari wenye kile kifaa cha kupulizia. Kwa Kiganda ni kama kusema nusa kidogo.

"Nimekunywa dawa ya kikohozi tu, afande," alisema. Alinisimulia mwenyewe.

"Kikohozi gani, ssebo? Puliza."

Akapuliza. Afande akasoma kifaa, akasema, "Hiyo kikohozi imepona kabisa. Shuka."

Alipopelekwa kortini mkewe aliniomba nimsindikize, nikakaa benchi la nyuma. Hakimu alisoma shitaka kwa Kiingereza. Mkalimani akaligeuza: kwamba aliendesha gari barabarani akiwa amelewa. Kisha akamuuliza, "Umeelewa?"

Mtu alikuwa ametoka mahabusu, midomo imekauka, hofu imemjaa. Akajibu kwa sauti, "Nimelewa, mheshimiwa."

Korti nzima ikalipuka kwa kicheko. Mkalimani alifasiri alichosikia, ndiyo kazi yake. Hakimu akamtazama juu ya miwani na kuuliza, "Hata sasa?"

"Hapana mheshimiwa, nimelewa maneno yako!"

Hapo hata polisi wa mlangoni alishika ukuta. Mimi nilitaka kusimama niseme, jamani, amemeza e, lakini mtu wa benchi la nyuma anasimamaje kortini? Na isingemsaidia chochote, kwa sababu alikiri kosa, kifaa kilikuwa na ushahidi wake. Akapigwa faini, pamiti yake ya udereva ikafungiwa mwaka mzima.

Hayo ya sheria yana mwisho. Faini ndugu zake walichanga ikalipwa. Nyumbani ilikuwa taabu, mkewe alimwambia, "Ungegonga mtoto wa mtu, ungeniambia ni kikohozi?" Kanisani alikuwa akiwabeba wazee kwa gari kwenda ibada, wakamwambia apumzike kwanza. Yote hayo aliyapokea. "Ni haki yao, mzee," alisema.

Ila jina. Kabla ya wiki kuisha, kutoka kwangu hadi barabara ya Bombo hakuwa na jina jingine. Nimelewa, lete trei. Nimelewa, mkeo anakuita. Naye anacheka na watu, kisha anakuja kukaa kwangu na kikombe hakinywi.

"Mzee, mimi nilisema nimeelewa."

"Najua."

"Na kweli nimeelewa."

"Najua, kunywa chai."

Tajiri wake, mama wa Kiganda mwenye kiwanda kile kidogo cha mkate, hakumfukuza. Ni mama mwema, sitamsema vibaya. Alimwambia, "Kiti yako nitaweka. Wewe acha pombe tu." Basi mwaka mzima alibeba trei, akipakia gari analoendesha mwingine. Pombe hakuigusa. Alikuwa anasubiri kitu kimoja: siku tajiri atakapompa ufunguo na kumwita kwa jina lake mbele ya wale wote. Hakutaka zaidi ya hapo.

Siku hiyo mimi mwenyewe nilikuwepo, maana mkate ulikuwa umechelewa na nilikwenda kuufuata. Alikuja na pamiti mfukoni, shati limepigwa pasi. Wafanyakazi wakakusanyika na unga mikononi. Mama akatoa ufunguo, uso wote unacheka, kwa upendo kabisa, naapa, akasema, "Haya Nimelewa, chukua gari yako. Umelewa?"

Wakacheka wote. Yeye pia alitabasamu. Alipokea ufunguo kwa mikono miwili, kwa adabu, akautazama. Kisha akauweka juu ya meza ya unga, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Asante mama," alisema.

Alinipita mlangoni, akaniambia, "Shikamoo mzee," akavuka barabara, akashika upande wa mjini kwa miguu. Hakurudi tena.