Kwenda Bariadi Kuacha Kitufe

Niliondoka Mwandoya kwa sababu ya kitufe kimoja kidogo cha kinanda, na kwa sababu ya uongo niliomwambia binti mmoja anayeitwa Minza.

Nianze na kitufe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mtu wa Kasulu, nililetwa Meatu miaka kumi na tisa iliyopita na sijaondoka. Somo la muziki nilipewa kwa kuwa nilionekana kanisani nimekaa nyuma ya kinanda. Kukaa nyuma ya kinanda ni jambo moja na kukijua ni jingine, lakini mkuu wa shule hakuuliza. Aliyenifundisha ni mwalimu wa kwaya aliyekuwa anahama. Alinipa somo la saa moja huku mizigo yake iko mlangoni. Alinionyesha do inapokaa, pale kwenye C, ambapo vibao vyeupe peke yake vinatosha kwa wimbo mzima. Halafu akanionyesha kitufe. Kwaya ikitaka sauti ya juu zaidi, alisema, usihangaike kuhamisha mkono: bonyeza hapa, kinanda kitapandisha chenyewe, wewe endelea kupiga palepale. Nilimshukuru sana. Tangu siku hiyo sikugusa kibao cheusi ila kwa bahati mbaya.

Minza alianza kukaa kwenye benchi langu akiwa darasa la sita. Nilichokijua nilimfundisha, nisichokijua nilikificha. Kabla hajafika kanisani nilikuwa nimeshaangalia karatasi ya wimbo, kule juu watunzi wanakoandika Do = D au Do = G, nikabonyeza kitufe kulingana na herufi. Yeye akikaa anakuta mambo tayari. Siku moja aliniuliza herufi hizo ni za nini. Nilimwambia ni mambo ya mtunzi. Mwaka uliofuata akauliza tena, nikamjibu vilevile, safari hii kwa sauti ya mwalimu asiyependa kusumbuliwa.

Mwaka huu, mwezi Juni, barua mbili zilifika wiki moja. Ya kwanza ilikuwa ya Minza, ambaye sasa amemaliza kidato cha nne: anaitwa kwenye usaili katika chuo kinachoandaa walimu wa muziki, baada ya wiki tano, na atapiga piano mbele ya wasaili. Ya pili ilikuja shuleni: semina ya siku tatu ya walimu wa muziki, Bariadi mjini, mazoezi yote yatafanyika kwenye piano.

Minza aliniletea barua yake anahema.

"Piano si ni kama kinanda tu, mwalimu?"

"Ni kama kinanda," nilisema. "Vibao ni vilevile."

Hapo sikudanganya. Nilichoacha kusema ni kwamba piano ni mbao na nyuzi, haina umeme, na haina kitufe. Alipoondoka nilikaa na sahani yangu ya ugali mpaka ikapoa.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda lori la pamba linaloelekea Bariadi. Ni msimu wa kuuza, na nyuzi nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye miiba ya pande zote mbili za barabara. Dereva, Masunga, ni mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya yetu, mtu mpana ambaye lori likiwa na yeye ndani linaonekana dogo.

"Mwangaluka, mwalimu," aliniamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Sasa wewe semina ya nini tena? Si unakijua kinanda?"

"Mtu hujifunza kila siku."

"Ah, sisi huku tunasema mwalimu Dionizi akikaa pale, hata wimbo ukiwa juu namna gani, mkono wake hautikisiki. Umetulia tu."

Nilitazama nje. Alikuwa ananisifu kwa ugonjwa wangu wenyewe.

Tulipofika Kisesa tulisimama kunywa chai. Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara, na Masunga hakupiga honi hata mara moja. Alizima injini akasubiri, huku akihesabu mafahali kwa kupendezwa, kana kwamba ni wake. Mimi nilikuwa napiga hesabu nyingine. Wiki tano kwa miaka sita ya mkono uliokaa mahali pamoja.

Saa sita mchana tuliingia Bariadi. Nilifikia kwa Mama Kabula, shangazi yake Minza, anayeuza mchele sokoni na kuishi nyumba ya pili kutoka hapo. Ndugu wa Minza walishapanga hivyo bila kuniuliza, na mimi sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuisema. Alinikaribisha kwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, akakaa mkabala nami kuhakikisha naimaliza.

"Mwalimu, wabeja sana kwa mtoto wetu," alinishukuru. "Baba yake alitaka aolewe mapema. Mimi ndiye niliyemwambia, huyu ana mwalimu, mwache kwanza. Nikamwekea dhamana wewe."

Michembe ni tamu, lakini siku hiyo kila kipande kilitaka maji.

Saa nane semina ilifunguliwa katika ukumbi wa shule moja mjini hapo. Tulikuwa walimu kumi na wanne kutoka pande zote za mkoa. Mkufunzi alikuwa Mwalimu Tusajigwe, mwanamke mfupi wa Mbeya aliyehamishiwa kanda hii, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni na sauti ya mtu ambaye hajawahi kuharakishwa. Nyuma yake ilisimama piano kuukuu ya mbao, nyeusi, ndefu kwenda juu. Niliikagua kwa macho kutoka nilipokaa, juu, chini, pembeni. Najua ni upuuzi, lakini nilikuwa naitafuta ile sehemu ya kitufe.

Utambulisho ulikuwa hivi: kila mwalimu anataja jina na kituo chake, kisha anapiga wimbo mwepesi wenzake waimbe. Zamu yangu ilipofika nilipiga vizuri. Nasema hivyo bila aibu. Kwenye C mimi ni hodari. Wenzangu waliimba ubeti mmoja, halafu Mwalimu Tusajigwe akainua mkono.

"Unatuweka chini sana, mwalimu, akina mama wanakwama. Tupandishie, tuimbe kwa D."

Mkono wangu wa kushoto ulienda wenyewe. Ulipanda juu ya vibao, upande wa kushoto, mahali kitufe changu kinapokaa, ukagusa ubao mtupu. Mwalimu mmoja wa Kiloleli alicheka puani. Nilihamisha mkono hadi D nikapiga vibao vyeupe kama kawaida yangu, na wimbo wa furaha ukatoka kama tunazika mtu. Mi, ile ya tatu kutoka do, ilikuwa imelegea, kila aliyekuwa mle ndani aliisikia. Nilisimama katikati ya mstari nikasema vidole vimechoka na safari. Mwalimu Tusajigwe alinitazama juu ya miwani, akaita jina linalofuata.

Jioni ile nilimwambia Mama Kabula kwamba huenda nikarudi kesho, mambo ya semina si makubwa kama nilivyodhani. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

"Na Minza je? Alinipigia simu mchana. Kasema mwalimu amekwenda kuiona piano kwanza, akirudi atamwambia ilivyo."

Hapo ndipo nilipoona wazi nilichokuwa nataka kufanya. Nilikuwa tayari kumpeleka mtoto wa watu mbele ya wasaili mkono wake ukapapase ubao mtupu kama wangu, ili mimi nisionekane mjinga kwa siku mbili. Nilijichukia kwa kweli. Nikamwambia Mama Kabula nimebadili mawazo, sirudi, akasema, "Sawa, basi kesho nipike ndizi."

Jumanne, saa moja kasoro, nilikuwa mlangoni mwa ukumbi. Mwalimu Tusajigwe alikuwa peke yake, anafuta vumbi la piano kwa khanga. Nilimwamkia, nikayasema yote kwa mkupuo: kitufe, saa moja ya somo, miaka kumi na tisa, Minza, herufi za mtunzi. Nilitegemea anicheke au anipe pole. Hakufanya hata moja.

"Na huyo binti anajua kama kuna kitufe?"

"Hajui. Anadhani do inakaa mahali pamoja tu."

Alifunua vibao vya piano. "Geuka, utazame ukuta."

Niligeuka. Aligonga kibao kimoja, sikujua kipi. "Hiyo ni do. Imba ngazi."

Nikaimba: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Akagonga kingine, nikaimba. Akagonga vingine, vya juu, vya chini, vyeusi, vyeupe, na mimi nikiimba tu, maana hilo ndilo nimelifanya na kwaya kila wiki tangu niingie Meatu. Mwishowe akafunga khanga yake kiunoni.

"Mwalimu, sikio lako linahama vizuri kabisa. Mkono tu ndio umebaki nyumbani. Sasa sikio liwe linautuma mkono. Kaa."

Nilikaa. Aliniambia niweke kidole kwenye D, niite do, kisha niimbe kibao kabla ya kukigusa. Kikitoka tofauti na nilichoimba, nijue jirani yake mweusi ndiye ninayemtaka. Re ikakubali. Mi nikaiimba, nikagusa cheupe, ikatoka ile iliyolegea ya jana. Nikasogea kwa mweusi wa pembeni. Mi ikasimama.

Sijui niieleze vipi raha ya wakati ule. Mabega yalishuka, na nikagundua kwamba siku zote hizo nilikuwa nimeyabeba juu. Nikaendelea hadi ti, nayo ikataka mweusi wake. Wenzangu walipoanza kuingia nilikuwa nimeshapata G, inayotaka mweusi mmoja tu, na F, inayotaka mmoja pia ila mahali pengine. Yule mwalimu wa Kiloleli alisimama nyuma yangu muda mrefu, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama naye anaweza kukaa ajaribu hivyo hivyo. Tukasogeleana kwenye benchi.

Mpaka Jumatano mchana nilikuwa nazifahamu do sita, mbili zikiwa bado zinachechemea. Wakati wa kufunga, Mwalimu Tusajigwe alitukabidhi vyeti, na alipofika kwangu akasema, "Kamwambie."

"Nitamwambia."

"Kabla hujamfundisha. Si baadaye."

Alhamisi, saa nne asubuhi, nilipanda basi la kurudi. Mama Kabula alinipa mfuko wa mchele wa Minza na mwingine wangu. Barabara ilikuwa ileile na vumbi lake lilelile, ila safari hii nilipiga ngazi kwenye goti langu njia nzima, na mama aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kwa upole kama mguu unaniuma.

Alasiri tulifika Mwandoya. Minza alikuwa kanisani ananisubiri, ameshafunua kinanda. Nilikaa benchi la mbele badala ya lile la kinanda, na nikamwambia. Nilimwonyesha kitufe, nikambonyezea mara kadhaa huku anapiga kibao kimoja, asikie sauti inavyopanda bila mkono kusogea. Uso wake ulibadilika polepole.

"Nilikuuliza," alisema. "Mara mbili nilikuuliza."

"Uliniuliza, nikakudanganya. Nilikuwa sijui, na niliona aibu kusema sijui. Naomba unisamehe, Minza."

Sijawahi kumwomba mwanafunzi msamaha, na sikujua mtu anakaaje baada ya kuuomba. Nilibaki nimeshika mfuko wa mchele. Yeye alitazama kinanda, akakirudisha kitufe kwenye sifuri, pasipopandisha kitu, kisha akatoa kwenye mkoba wake plasta ya kidonda, akaibandika juu yake na kuikandamiza kwa kidole gumba. Halafu akachukua karatasi ya wimbo wa Jumapili, akasoma kule juu, mahali pa herufi.

"Do ni G," alisema. "G iko wapi?"

Nikahamia kwenye benchi lake.

Wiki zilizobaki tulifanya kazi kila siku, yeye akinipita kuanzia wiki ya pili. Kwaya iliteseka. Masunga alilalamika kwamba mkono wangu siku hizi umeanza kutembeatembea, akauliza ndiyo mambo niliyofundishwa Bariadi. Nikamwambia ndiyo hayo hasa. Nilichojifunza katika safari ile ni kwamba kusema "sijui" kuna uchungu wa asubuhi moja, na mimi kwa kuuogopa nilijitwisha mwingine wa miaka, nikamgawia na mtoto ambaye hakuuomba.

Siku ya usaili nilikuwa kwenye mashine ya kusaga, napanga foleni na debe langu la mahindi, kwa kuwa nyumbani nisingeweza kukaa. Saa tano na nusu ujumbe wake ukaingia kwenye simu:

"Mwalimu, wameniuliza nitapiga kwa ufunguo gani, do iwe wapi. Nimewaambia wachague wao. Wamechagua A. Weusi watatu. Mkono umefika."

Niliusoma mara mbili. Kisha nikakaa juu ya gunia la mtu mwingine, na mwenyewe aliniangalia usoni akaniacha nikae.