Nyuma ya Pazia la Kupimia

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kuamini-amini watu, na kazi yake ilimpa sababu. Wanawake walimletea nguo za kupunguza, kumbe wengine walitaka kujua sheria inasemaje mume na mke wakitengana. Alikuwa amesomea usaidizi wa sheria, na maelezo yake aliyatoa nyuma ya pazia la kupimia, tepu mkononi, kwa kuwa hakuna mume anayethubutu kuchungulia hapo.

Asubuhi hiyo aliingia mwanamke na gauni lisilo na kasoro hata moja. Fundi alimtambua papo hapo: dada wa mume wa mteja wake wa wiki iliyopita, yule ambaye kesi yake ya watoto ilikuwa bado mbichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gauni lina nini?"

"Linabana."

Linabana wapi, na jinsi lilivyompwaya! Fundi akafunga pazia, akaanza kumpima.

"Eti mama, mwanamke akiondoka kwa mumewe, ndiyo basi, watoto kawapoteza?"

Swali lile lile la wifi yake. Fundi akakaza tepu kiunoni kuliko ilivyohitajika.

"Usinione mjinga, mwanangu. Kaka yako amekutuma."

Mwanamke akainamisha kichwa. "Amenituma, anataka kujua wifi ulimwambia nini. Lakini hilo swali ni langu. Leo mchana natia sahihi nimwachie mume wangu watoto. Kaka amenisomea karatasi, anasema sina njia nyingine."

Na machozi juu! Fundi alishawahi kuona machozi ya kutumwa. Ila akimfukuza na kumbe ni kweli, watoto ndio hao wanakwenda.

"Lete hiyo karatasi."

Ilitoka kifuani, imekunjwa mara nne. Fundi akavaa miwani, akasoma huku akitafuta mtego.

"Usitie sahihi. Kuondoka tu nyumbani hakukunyang'anyi watoto. Mahakama ndiyo huamua, na huangalia watalelewa vizuri wapi. Nenda ukasikilizwe kwanza."

"Kaka atakasirika. Nani mwingine wa kunitetea?"

Fundi akageuza ukurasa. "Na huku alikusomea?"

"Alisema huko ni mihuri tu."

"Pameandikwa usiwaone watoto mpaka wawe watu wazima. Na shahidi wa upande wako ameshatia sahihi."

"Shahidi gani?"

Fundi akamwonyesha. Kusoma kulimpa shida mwanamke yule, lakini jina la mwisho lilikuwa la baba yao, yeye na kaka yake, na hilo alilijua.