Tarro Asiyeguswa

Verlyn Dykstra alikuwa ameshaua watu arobaini na mmoja kabla sijamchoka. Kwenye mchezo, jamani, msiniitie polisi. Tuna jukwaa letu mtandaoni, Ngome ya Majivu, ambapo kila mtu anaumba mhusika wake na kumpiganisha na wa wenzake kwa maandishi tu. Mpigaji anaandika pigo, aliyepigwa anaandika jeraha lake mwenyewe. Anayekwepa kila pigo tunamwona mtoto. Hiyo ndiyo sheria, na msimamizi wake ni mimi, Nadine Huisman, mpishi wa shule hapa Iowa, na mdomo ninao.

Mhusika wa Verlyn aliitwa Tarro. Siku aliponiletea fomu yake nilicheka mpaka nikatoa machozi. Upanga, upinde, uchawi, utabibu, kufungua makufuli, kuimba, na kupika! Nikampigia simu hapo hapo.

"We Verlyn, mshika mawili moja humponyoka. Huyu wako kashika saba?"

"Mwache tu, Nadine. Zote kazitolea jasho."

"Na udhaifu wake?"

"Hajui kuogelea."

Nikampitisha. Nilimhurumia, nasema kweli. Verlyn ana miaka hamsini na mbili, hana mke, anaishi na mama yake. Kwa miaka ishirini amefanya kazi moja tu kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe: anasimama palepale na kisu, nguruwe wanamjia wamening'inizwa vichwa chini, anachoma shingo, haya, mwingine. Mtu wa namna hiyo akitaka kujua mambo saba, nani wa kumnyima?

Lakini Tarro aligeuka balaa. Alimkata mfalme wa vinamasi mikono yote miwili, akamchoma mshale wa jicho, kisha akamwimbia wimbo wa maziko huku akimpikia mbwa wa marehemu supu. Na yeye mwenyewe? Hata mkwaruzo! Panga likija, anaruka. Sumu ikija, ana dawa. Mlango ukifungwa, anafungua. Zile stadi saba kumbe zilikuwa njia saba za kutoguswa.

Watu wakachemka. Gordy Vos, dereva wa malori kutoka Nebraska, akaandika barazani pa wote: "Aguswe au atoke! Tumechoka kufa sisi tu." Tukapiga kura. Jumamosi saa sita mchana Tarro angepigana na Brugg, jitu la Gordy lenye shoka. Asipopokea pigo hata moja, Verlyn anafungiwa nje moja kwa moja. Hapo nikaingiwa na hofu, maana ukimtoa mama yake, Verlyn hana mtu mwingine wa kuzungumza naye ila sisi.

Nikampigia tena. "Pokea jeraha moja, nakuomba. Bega, paja, popote."

"Siwezi."

"Majivuno hayo!"

"Siyo majivuno. Sijui niandikeje."

"Andika ukweli unavyoujua. Nani hapa anajua visu kukushinda wewe?"

"Ukweli?"

"Ndiyo, ukweli. Usinipambie."

Nikamwomba na Gordy alenge bega. Akaguna, akakubali.

Jumamosi tulikuwa watu kumi na wawili tukisoma. Gordy akaanza na kejeli zake: "Njoo, mchinjaji! Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu, au siyo?" Tarro alimpasua Brugg shavu mpaka meno yakaonekana, akamvunja goti, akamkata vidole vitatu pamoja na mpini wa shoka. Brugg akaanguka, na akiwa chini akachomoa kisu, akakirusha juu kuelekea bega la Tarro.

Zamu ya Verlyn. Tukangoja dakika kumi. Nikaanza kumtukana peke yangu jikoni. Kisha maandishi yakaja:

"Kisu kinaingia chini ya taya. Hapigi kelele, pumzi inatokea pengine. Damu inakuja kwa mapigo, ya moto mpaka kwenye kiwiko cha mwenye kisu. Miguu inakimbia na hakuna ardhi. Jicho linamtafuta aliyemchoma. Aliyemchoma hamtazami tena, anamtazama anayefuata. Tarro amekufa."

Sisi tuliozoea kumwaga utumbo kama tunamwaga maji ya vyombo, tulirudia kuyasoma maandishi hayo. Mwisho Gordy akaandika, "Jamani, mimi nililenga bega."

Nikapiga simu. "Verlyn! Mungu wangu! Tuliomba jeraha tu! Umemuua wa nini?"

"Ulisema niandike ninavyojua."

"Jeraha, Verlyn! Kujeruhiwa tu, halafu anapona!"

"Miaka ishirini, Nadine," akasema. "Sijawahi kumwona aliyejeruhiwa tu."