Nyasi Nilizozipanda kwa Kidole

Nilipoanza udalali wa nyumba hapa Bukoba nilikuwa na viatu na mdomo tu. Sasa nina stendi ya simu, kipimo cha leza kinachosoma urefu wa sebule kabla hujamaliza kukohoa, na programu ya kusafisha picha. Hiyo ya mwisho niliipenda kupita kiasi. Unapitisha kidole juu ya kamba ya nguo, kamba inatoweka. Juu ya mbuzi, mbuzi anatoweka, na simu inajaza nyasi pale alipokuwa. Madalali wenzangu wa Rwamishenye walinionea wivu, nami sikuwakataza.

Bibi mmoja wa Kaagya aliniita nimuuzie nyumba na kibanja chake cha migomba na kahawa. Miguu ilikuwa imemchosha. Binti yake ameolewa Muleba, karibu na hospitali ya Rubya, na alitaka kuhamia kwake ili kliniki isiwe safari ya siku nzima. Ukoo ulikuwa umekubali auze, jambo ambalo kwetu halipatikani kirahisi, kwa sharti moja: makaburi mawili kando ya nyumba yasiguswe, na watoto waruhusiwe kuja kuyapalilia. Mumewe amelala pale, pamoja na kitinda mimba wao.

Sharti nililisikia vizuri. Nikajiambia nitamweleza mnunuzi baadaye, akishaipenda nyumba. Nilijua ninachofanya, nisijisingizie upofu. Nikiwa nimeketi kibarazani kwangu na picha ya nyumba ile, nilifuta ndoo, nikafuta baiskeli, nikafuta makaburi. Palibaki uwanja wa kijani usio na doa, nikajipongeza na kuituma picha kwa wateja wangu.

Mfanyabiashara mmoja wa Mwanza aliipenda siku hiyohiyo. Nilikimbilia Kaagya na habari njema. Bibi alinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama mgeni wa heshima, kisha akaichukua simu na kuishika mbali na macho.

“Mae! Nyumba yangu imependeza,” alisema kwa mshangao. Akaigeuza simu kidogo huku na huku. “Mzee yuko wapi?”

Nilinyoosha mkono niichukue simu, hakuiachia.

“Na mtoto?”

“Ni picha tu, bibi. Wenyewe wapo palepale.”

“Huyo wa Mwanza amewaona?”

Ningeweza kusema ndiyo. Badala yake, labda kwa kuchoka na uongo wangu mwenyewe, nilimfungulia ujumbe wa sauti alionitumia yule bwana. “Hapo penye nyasi kando ya nyumba,” sauti ilisema kwa furaha, “ndipo nitajenga banda la magari.” Bibi alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nimpigie.

Nilimpigia mbele yake, nikamwambia zile nyasi zimefunika nini. Aliniita tapeli. Akasema hawezi kuishi na wafu wa watu wengine, akakata simu. Nyumba haikuwa tena na mnunuzi, na bibi alibaki na miguu yake na safari zake za Rubya.

Niliona aibu. Huku kwetu mtu akitaka kukuonyesha kuwa kibanja ni chake, hukupeleka kwenye makaburi kabla hajatafuta hati. Baba yangu mwenyewe amelala hivyo, Muleba, hatua chache kutoka jikoni, na sijawahi kumwona kama kitu kinachoharibu uwanja. Wa mwenzangu nilimfuta pamoja na ndoo. Nilitamani bibi anigombeze nipumue, lakini hakunigombeza.

“Piga picha nyingine,” alisema.

Aliingia ndani, akatoka amevaa kitenge chake cha kanisani. Alitembea polepole, akaketi ukingoni mwa kaburi la mumewe na kuweka mkono juu ya lile dogo.

“Anayeitaka nyumba atuone sote.”

Nilipiga. Kabla sijaituma kwa wateja, simu yenyewe ilichora mistari kuzunguka vitu ilivyoona vinachafua picha, ikaniuliza kama inifutie: kaburi kubwa, kaburi dogo, na bibi katikati yao.

“Imetoka vizuri?” akaniuliza kutoka pale alipoketi.

“Imetoka, bibi,” nikasema, nikaituma kama ilivyo.