Simu Haikuniuliza

Kamwene wapendwa. Leo nimeshinda karata, nikalia.

Mjukuu wangu Neema kanifungulia bakara, ule mchezo wa karata, kwenye simu. Nikacheka. Bakara naijua tangu miaka ya hamsini! Baba alikuwa mpishi wa mzungu mwenye shamba la chai huku Mufindi. Aliuona mchezo mezani kwao, akatuletea jikoni kwetu.

Unajumlisha karata zako mbili, anayeikaribia tisa ndiye mshindi. Ukiwa na nne kushuka chini, unaongeza ya tatu. Sita au saba, unatulia.

Tano je? Hapo ni hiari yako.

Baba alikuwa anamtazama mama, anamuuliza taratibu, "Mama Tumaini, unaongeza au unatulia?" Halafu anasubiri. Hata ugali uungue, anasubiri.

Basi leo nikapata tano. Nikaanza kuwaza.

Simu ikaongeza yenyewe!

"We Neema, mbona haijaniuliza?"

"Bibi, humu kwenye tano lazima iongezwe. Haiulizi mtu."

Ikaja nne. Tisa kamili. Neema akapiga makofi, mimi machozi yananitoka.

Kama bado yupo anayecheza kama baba, aniandikie hapa chini. Kushinda sitaki. Nataka kuulizwa.