Beseni Chini ya Bomba

Chumba kile kilikuwa changu. Nalisema mapema ili mtu asije akanidhania mke mpole. Miaka kumi na mmoja nilishona humo, katika nyumba yetu ya Rosettenville, Johannesburg, cherehani ikiwa dirishani, na wateja wakinisalimu wakipita barabarani hata kama hawana nguo ya kuleta. Kisha siku moja mume wangu Gustave akaingia na futi ya kupimia. Akapima ukuta hadi ukuta, akaandika kwenye kiganja chake, wala hakunitazama usoni. Mtu akipima chumba chako bila kukutazama, jua ameshakichukua.

Alitaka kukifanya chumba cha maji ya kuuza. Siku hizi mabomba ya mtaa wetu hukauka bila taarifa. Unafungua asubuhi unasikia upepo tu. Gustave alikuwa amenunua mashine ya mitumba ya kuchuja maji: pampu moja, vichujio vitatu virefu, na utando uliofungwa ndani ya bomba nene. Pampu husukuma maji kwenye utando kwa nguvu. Yaliyo safi hupenya, na chumvi hubaki nyuma ikatoka na maji mengine kwenye mpira wa kando. Alinieleza haya mezani kwa vikombe na leso ya jikoni, na wali wangu ukapoa.

Nilikubali. Nilinuna siku mbili, lakini nilikubali, na sababu yake iko Kalemie, kwetu Kongo.

Nilimfahamu Gustave kwenye foleni. Alikuwa mlinda bomba wa mtaa wetu, kijana wa shati la kaki na filimbi shingoni. Alifungua bomba alfajiri, akalifunga jua likikaza, akalifungua tena alasiri. Wanawake mia wenye bidoni, madumu ya manjano ya kuchotea maji, walimsikiliza yeye mmoja. Mimi nilikuwa na bidoni mbili na mdomo mrefu. Siku moja alinipitisha mbele, na kelele za wale wanawake zilidumu wiki nzima. Mpaka leo nikifumba macho naona mkono wake juu ya lile gurudumu la bomba, ukizungusha taratibu maji yasiruke.

Chini ya bomba lile mama yake, mama mkwe wangu, aliweka beseni la bati lenye maua mekundu yaliyobanduka. Matone yote yaliyokosa bidoni yaliangukia humo. Beseni likijaa, maji yake yalifua nguo, halafu yakasugua sufuria, halafu yakaenda kwenye mchicha. Ukilipiga teke kwa bahati mbaya, ulikuwa na kesi na yule mama mpaka Jumapili. “Mayi hatumwangaka,” alikuwa akisema, maji hatumwagi, na Gustave alikua na neno hilo kama wengine wanavyokua na sala ya Baba Yetu.

Vita vikatutoa. Mama mkwe alibaki na hatukumwona tena. Hapa Johannesburg Gustave alipata kazi ya ulinzi, na kwa miaka kumi na tisa aliketi kwenye geti la ofisi fulani huko Braamfontein, akiinua na kushusha mti wa kuzuia magari. Juu ya geti lile hakuwahi kunisimulia hadithi hata moja. Juu ya bomba la Kalemie alikuwa nazo mia. Binti yetu Jocelyne, aliyezaliwa hapa na anayetujibu kwa Kiingereza hata tukimwita kula, anaweza kukutajia wanawake wa foleni ile kwa majina, na hakuwaona.

Magoti ya Gustave yalipoanza kukataa baridi ya geti, aliomba likizo ya miezi miwili bila mshahara. Msimamizi alimpa na sharti: tarehe mosi aje kazini, au alete sare yake na asirudi tena. Gustave aliitundika sare nyuma ya mlango wa chumba cha maji, imepigwa pasi. Kila alipoufunga mlango aliiona. Miezi miwili ndiyo aliyokuwa nayo ya kuwa tena mtu wa maji, na wote wawili tulilijua hilo.

Nitampa haki yake: chumba alikijenga vizuri. Alibomoa sakafu akaimwaga upya ikielekea shimo la maji, akasugua kuta kwa chokaa, akabandika vigae vyeupe mpaka kimo cha bega lake. Nje akasimamisha tangi kubwa la kujaza siku ambazo bomba la mji linatoka. Cherehani yangu ilihamia chumba chetu cha kulala, kati ya kitanda na kabati, na nikawa nashona miguu ikiwa chini ya godoro. Siku mashine ilipowaka kwa mara ya kwanza, alichovya kipimo cha chumvi kwenye kikombe. Kikasoma saba. Maji ya bomba la mji yalikuwa yamesoma mia na hamsini. Alinionyesha ile saba kama mtu anayeonyesha cheti cha ndoa, kisha akakitia kipimo kwenye droo, kwa sababu hakuona haja yake tena. Kiburi hicho nilikijua, ndicho kilichonioa.

Wiki mbili akaichezesha mashine kila siku, akisubiri Jumapili ya kuombea chumba. Kanisani kwetu huwezi kuuza hata kiberiti kabla mlango haujaombewa. Kina mama walikuja wakaimba, wakapaka mafuta juu ya mlango. Halafu, kama desturi yetu ilivyo, kikombe cha kwanza kikapewa aliye mkubwa kuliko wote. Siku hiyo alikuwa Mama Epiphanie, Mrundi wa Bertrams mwenye miaka themanini na ulimi usiostaafu.

Alichukua funda moja. Akalizungusha mdomoni. Akatazama huku na huku, akalitema kwenye shimo la sakafu.

“Gustave, mwanangu,” alisema, “haya maji yamechoka.”

Exaucé, msusi wa jirani, akajaribu kuokoa mambo. “Eish, Mama, hii maji iko sawa tu.”

“Kunywa basi wewe.”

Exaucé akanywa, akatazama viatu vyake.

Nilikwenda kwenye droo, nikatoa kipimo mwenyewe. Tisini na nne. Gustave alikitazama, akakipangusa kwa shati, akachovya tena. Tisini na nne. Wageni walikunywa soda, wakaaga mapema, na kikombe cha Mama Epiphanie kikabaki mezani karibu kimejaa.

Walipokwisha kuondoka nilimfuata nyuma ya mashine. Nikaukuta mpira wa kando, ule wa kutoa maji ya chumvi. Haukwenda kwenye shimo. Ulipita dirishani, ukapanda ukuta, ukaingia juu ya tangi letu wenyewe.

“Papa Jocelyne, hii mupira inaenda wapi?”

Alikaa juu ya ndoo. “Ndoo moja ya muzuri, mbili za kumwanga,” alisema, ndiyo hesabu ya mashine yake. “Mbili, Clémentine. Pale kwetu watu wanapigana juu ya kikombe. Mukono yangu ilikataa.”

Kwa hiyo kwa wiki mbili maji yale yale yalikuwa yakizunguka, kila mzunguko yakirudi na chumvi zaidi, na tangi kila likijazwa likijaziwa juu ya chumvi ile, mpaka utando ukaziba. Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki, na mume wangu alikuwa ameamua kuwabishia. Nilitaka kumgombeza. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini nilimwona yule kijana wa filimbi amekaa juu ya ndoo akiwa na mvi, nikashindwa, na nikalia mimi badala yake. Zilibaki siku nne kufika tarehe mosi.

Siku mbili aliosha utando kwa maji ya unga wa limau, akayapitisha, akayalaza, akayapitisha tena. Mimi nilishika taksi mpaka mjini, nikarudi nimebeba beseni. La plastiki, la kijani. Ya bati yenye maua hawauzi tena. Nikatoboa wavu wa dirisha la mbele, nikaushusha ule mpira nje ya ukuta, upande wa barabara, nikaweka beseni chini yake na pipa pembeni.

“Sasa haimwangiki,” nilimwambia. “Inafua nguo, inapiga deki, inasukuma choo. Mama yako alikuwa na akili: yeye hakuirudisha kwenye bomba.”

Alilisogeza beseni likae sawa chini ya mpira. Akaenda kuwasha pampu.

Kipimo kilisoma kumi na nane. Si saba, lakini Mama Epiphanie, aliyeletwa na Exaucé kwa gari, alikunywa kikombe kizima, akaomba cha pili, kisha akatafuta kasoro nyingine: chumba kina baridi.

Tarehe mosi mabomba ya mtaa yalikauka. Kufika saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imepita duka la kona: Wakongo, Wareno wazee, kina mama wa Kizulu, kila mtu na ndoo yake. Wengine walitaka ya kunywa, wengine walichota bure kwenye beseni kwa ajili ya vyoo. Mama mmoja akaruka mstari, wakaanza kutukanana kwa lugha tatu. Gustave alisimama kwenye bomba la mashine yake, mkono juu ya koki, akizungusha taratibu maji yasiruke.

Simu yake ilikuwa ikilia mfukoni. Alikuwa msimamizi. Gustave aliipokea, akasema leo jioni sare wataipata, akakata.

Kisha akanigeukia, mbele ya watu wote, akanyoosha kidole mlangoni.

“Clémentine, ile shati ya sare, kwanza toa vifungo. Vile vya chuma ni vyao. Kitambaa kinachobaki tutapanguzia ndoo.”

“Wanataka sare nzima, mzee.”

“Basi ipige pasi mara ya mwisho,” alisema, “halafu uje. Foleni ni ndefu, na bidoni zako ziko nyuma kabisa.”

Nikaangalia. Kweli, alikuwa ameziweka bidoni zangu mbili za manjano mwisho wa mstari. Wanawake walipoona nazifuata, Gustave alipiga mluzi kwa vidole, akaniita nipite mbele. Kelele zilizopigwa siku hiyo bado zinaendelea.